Jamvi la Saiq

Mche wa kwanza niliuua kwa mapenzi.
Niliupanda kama tunavyopanda kwetu Wete,
ambako ukimwaga mbegu za papai dirishani
mwakani unagombania tunda na kunguru:
shimo refu, samadi ya mbuzi debe zima,
maji asubuhi, maji jioni,
na bismillahi katikati.
Kufika siku ya tisa
zaatari yangu itambaayo ilikuwa nyeusi,
teketeke kama mchicha uliosahauliwa jikoni.

Hamdun, jirani wa ngazi ya chini,
mwenye makomamanga na ulimi mkavu,
aliuchomoa kwa vidole viwili, akaunusa mzizi.
"Umeuzamisha," akasema.
"Huyu ni mtoto wa mlima. Mnyime."

Mnyime!
Neno gani hilo la kumwambia mwanamke
aliyelelewa na mama asiyeweza kumwona mgeni
bila kumpakulia wali mara ya pili?

Lakini nilimnyima.
Nikafukua samadi yote, nikayatupia mawaridi.
Nikateremka bondeni na ndoo kuukuu ya rangi
kuzoa changarawe, ndoo kumi na saba,
mgongo ukilia kama bawaba.
Nikapanda miche mitano kati ya mawe,
mche na mche shubiri moja,
nikaizungushia vijiwe shingoni
isilale na unyevu.
Na kila zamu yangu ya falaji ilipofika,
maji yakija yakicheka mferejini,
niliukamata mkono wangu wa kulia
kwa mkono wangu wa kushoto.

Januari, sakitu.
Bomba likaganda, paka akahamia kabatini.
Usiku wa manane nilitoka na blanketi
niifunike miche, na tayari nimeshainama
nikalikumbuka lile neno.
Nikarudi ndani nalo, nikajifunika mwenyewe.
Asubuhi bustani ilikuwa imenyunyiziwa chumvi
na kila jani, dogo kuliko punje ya mchele,
limekunja ngumi.
Jua lilipouvuka ukuta
ngumi zikafunguka moja moja,
kama hapakuwa na ugomvi wowote.

Huu mmea hauna habari na juu.
Unakwenda kwa tumbo,
na kila kifundo kikigusa udongo
kinatoa mzizi wake
bila kuomba ruhusa kwa shina.
Siku moja nilichukua kisu nikakata katikati,
kwa utundu tu, nione nani atamlilia nani.
Hakulia mtu. Pande zote mbili zikaendelea na safari.

Mwaka wa tatu, mwezi wa kuchuma mawaridi,
nilimpandisha mama kutoka Ruwi
kwa gari la kuazima, naye amefumba macho
kona zote, akihesabu tasbihi kwa sauti.
Miaka hamsini na ushei yuko nchi hii,
na sanduku lake la bati lingali chini ya kitanda,
nusu ya vitu havijawahi kutolewa.

Nikamvua viatu, nikamsimamisha pale.
Zambarau tupu, ukuta hadi ukuta.
Harufu ikapanda mpaka kwenye ushungi wake.
"Karafuu si hii," akasema.
"Si karafuu, mama."
Akakanyaga tena, taratibu,
akiburura unyayo kushoto, kulia,
kama mtu anayegeuza karafuu juani.
Nyuki wakampisha, wakarudi.

"Na jamvi hili," akauliza,
"jioni hulikunja nani?"
"Halikunjwi, mama. Linalala nje."
"Hata ikinya mvua ya mawe?"
"Hata ikinya."

Akanyamaza.
Kule chini Hamdun alikuwa anaziba mfereji kwa jiwe na tambara.
Nikangoja mama aniulize viatu vyake viko wapi.
Kivuli cha mlima kikafika, kikatupita,
mawe yakaanza kupoa,
hajauliza bado.